Kusoma Mdundo na Kuupiga kwa Makofi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mtu akikuambia hawezi kusoma muziki, mara nyingi kinachomtisha ni ile mistari mitano na nota zinazopanda na kushuka juu yake. Mdundo hauhitaji mistari hiyo. Unaandikika kwenye mstari mmoja, hata bila mstari, na unaweza kuusoma na kuupiga kwa viganja kabla hujajua ipi ni do na ipi ni sol. Mimi humshauri kila anayeanza aanzie hapa. Aliyekosea sauti moja bado yuko pamoja na wenzake. Aliyekosea muda wameshamwacha.

Makofi yana ila moja ambayo wengi hawaambiwi: kofi halirefuki. Piga nota ndefu, kisha piga nota fupi, na yote mawili yatasikika pa! Tofauti haimo ndani ya kofi, imo katika muda unaopita mpaka kofi linalofuata. Kwa hiyo anayejifunza kwa makofi peke yake hujua nota inaanzia wapi, ila hajui inaishia wapi. Dawa ni kugawa kazi: mguu ushike pigo, mikono ipige mwanzo wa kila nota, mdomo ubebe urefu wake. Kila zoezi hapa chini linakutaka utumie vyote vitatu. Ukiona umeelemewa, punguza kasi, lakini usipumzishe kimojawapo.

Hatua ya 1: Pigo liingie mguuni

Pigo na mdundo si kitu kimoja. Mapigo hutembea sawasawa, kama hatua za mtu asiye na haraka. Mdundo ni mpangilio wa nota ndefu na fupi unaopita juu ya mapigo hayo. Mdundo hubadilika kila mara; pigo halijali.

Kaa kwenye kiti, kisigino kikiwa sakafuni, kisha gonga kwa vidole vya mguu. Kama una saa ya ukutani yenye mlio, fuata mlio wa sekunde: hayo ni mapigo 60 kwa dakika. Kama huna, pakua programu ya metronomu kwenye simu. Nyingi ni za bure. Anza na 80 badala ya 60. Watu hudhani polepole ndiyo rahisi, kumbe mwendo wa 60 una uwazi mkubwa kati ya pigo na pigo, na ni katika uwazi huo mtu hupotea. Ukishatulia kwenye 80, shuka hadi 60, kisha panda hadi 100.

Jipime hivi: fuata metronomu mapigo 8, zima sauti yake huku ukiendelea kugonga mapigo mengine 8, kisha irudishe. Je, mguu na mlio vinaangukia pamoja? Siku ya kwanza havitaangukia, na hilo lisikusumbue. Fanya hivyo kwa wiki moja, dakika mbili kila siku.

(Metronomu ile ya mbao yenye ufito unaoyumba ilisajiliwa na Johann Maelzel mwaka 1815, ingawa wazo lenyewe alilichukua kwa Dietrich Winkel wa Amsterdam. Ukiona M.M. mwanzoni mwa karatasi ya muziki ikifuatwa na namba, hiyo ni Metronomu ya Maelzel. Winkel hakuachiwa hata herufi.)

Hatua ya 2: Maumbo ya nota

Kanuni ya kukumbuka ni moja: kadiri umbo la nota linavyoongezewa kitu (kijiti, wino, mkia), ndivyo nota inavyofupika.

Kichwa kitupu kisicho na kijiti ni semibrevi, na tuseme kwa sasa ina mapigo 4. Ukikiongezea kijiti, kichwa kikabaki kitupu, umepata minimu, mapigo 2. Ukikijaza wino kichwa hicho, ni krocheti, pigo 1. Krocheti ikiota mkia mmoja kwenye ncha ya kijiti inakuwa kweva, nusu pigo. Mikia miwili, semikweva, robo pigo. Kijiti kikielekea juu au chini haibadilishi chochote. Mwandishi hutazama nafasi tu.

Vitabu vya mtindo wa Kimarekani huziita nota nzima, nusu nota, robo nota, moja ya nane na moja ya kumi na sita. Majina hayo yana faida ya kukuonyesha hesabu waziwazi: nzima moja ni nusu mbili, ni robo nne. Majina ya Kiingereza yana historia zaidi kuliko mantiki. Semibrevi kwa Kilatini ni "nusu ya fupi", na ndiyo nota ndefu kuliko zote unazokutana nazo kila siku. Zamani kulikuwa na nota ndefu na nota fupi, kisha muziki ukaendelea kugawanywa vipande vidogo zaidi mpaka ile iliyokuwa fupi ikageuka kuwa jitu. Wazo kwamba umbo la nota lenyewe likuambie urefu wake liliwekwa kwenye maandishi kwa utaratibu na Franco wa Cologne, mnamo mwaka 1280. Kabla yake, msomaji alilazimika kuubaini urefu kutokana na jinsi nota zilivyofungwa pamoja.

Kweva mbili zikikaa pamoja, mikia yao huunganishwa kuwa ufito mmoja unaoshika vijiti viwili. Semikweva nne huunganishwa kwa fito mbili. Huu si urembo. Ufito unakuonyesha pigo linaanzia wapi na kuishia wapi, na jicho lililozoea husoma kundi zima kwa mpigo mmoja, kama unavyosoma neno bila kuhesabu herufi.

Hatua ya 3: Mpe kila nota sauti

Kabla ya makofi, mdomo. Krocheti iite "ta". Minimu ni "ta-a", yaani ta moja inayovutwa mapigo mawili bila kukatika. Semibrevi ni "ta-a-a-a". Kweva mbili ni "ti-ti" ndani ya pigo moja. Silabi hizi si mchezo wa watoto peke yao: zilitokana na lugha ya urefu wa nota aliyoitunga Mfaransa Aimé Paris katika karne ya 19, na baadaye mfumo wa Zoltán Kodály wa Hungaria ukazieneza.

Sisi wa Kiswahili tuna zawadi nyingine ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Hesabu: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Kila namba ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza. Ukihesabu mapigo kwa Kiswahili, kila pigo limeshajigawa nusu kwa nusu bila wewe kufanya lolote: silabi ya kwanza iko juu ya pigo, ya pili iko katikati kati ya pigo na pigo. Mwingereza anayehesabu "one" inambidi achomeke neno jingine kati ya namba ili apate hiyo nusu. Wewe unayo tayari. Sharti ni moja tu: silabi zote mbili ziwe na urefu sawa. Usiseme "mojaaa".

Kwa hiyo tutakuwa na lugha mbili. Ta na ti ni za kusomea. Mo-ja mbi-li ni za kuchunguzia mahali palipokushinda. Katika kuchunguza nitaandika kwa herufi kubwa silabi inayopigwa kofi, na kwa herufi ndogo ile inayopita bila kofi. Krocheti nne zitakuwa:

MO-ja MBI-li TA-tu N-ne

Kweva nane zitakuwa:

MO-JA MBI-LI TA-TU N-NE

Piga ya kwanza mara nne, kisha ya pili mara nne, bila kusimama katikati. Mguu unabaki na mapigo yake manne yaleyale. Ukiona mguu umeanza kufuata mikono na kugonga mara nane, umelikuta kosa la kwanza la kila anayeanza. Rudi mwendo wa 60 na uanze upya.

Hatua ya 4: Baa na alama ya kipimo

Mapigo hukusanywa katika vyumba vinavyotenganishwa na mistari wima. Kila chumba ni baa (ndiyo, jina ni lile la mahali pa vinywaji, cheka kisha tuendelee). Mwanzoni kabisa kuna namba mbili zilizobebana. Ya juu inasema baa ina mapigo mangapi. Ya chini inasema nota gani inahesabiwa pigo moja: 4 ni krocheti, 2 ni minimu, 8 ni kweva. Kwa hiyo 4/4 ni krocheti nne kwa baa, 3/4 ni tatu, 2/4 ni mbili. Ndiyo sababu hapo juu nilisema "kwa sasa": katika 2/2 minimu ndiyo yenye pigo moja, na krocheti inashuka kuwa nusu.

Mahali pa 4/4 wakati mwingine utaona alama kama herufi C. Si herufi. Ni nusu duara. Katika karne za kati kipimo kinachogawanywa kwa tatu kiliandikwa kwa duara kamili, kwa kuwa tatu ilihesabiwa kuwa ndiyo namba kamilifu, na kinachogawanywa kwa mbili kikapewa duara lililokatwa.

Pigo la kwanza la kila baa lina uzito kuliko mengine. Lipige kwa nguvu kidogo. Inatosha wewe mwenyewe kulisikia.

Sasa piga. Mwendo 72, mguu ukigonga, mdomo ukisema:

| ta ta ta ta | ta ta ta-a | ta-a ta ta | ta-a-a-a |

Kwenye "ta-a" piga kofi moja, kisha viganja vibaki vimegusana na visogee mbele kidogo pigo la pili linapopita. Mwendo huo wa mikono unaufanya mwili uhisi urefu ambao kofi haliwezi kuutoa. Kwenye semibrevi sogeza mara tatu. Usiachanishe mikono mpaka nota imalizike.

Kisha hii yenye kweva:

| ta ti-ti ta ta | ti-ti ti-ti ta-a | ta-a ti-ti ta | ti-ti ta ta-a |

Na ya 3/4:

| ta ti-ti ta | ta-a ta | ti-ti ti-ti ta | ta-a-a |

Ziandike mwenyewe kwa nota halisi kwenye karatasi kabla ya kuzipiga. Ukiendelea kusoma "ta" na "ti" nilizokuandikia, unasoma maandishi yangu, husomi muziki.

Hatua ya 5: Kimya nacho kina urefu

Kila nota ina mwenzake wa kimya. Alama ya kimya cha krocheti ni kizigizagi kilichosimama. Cha kweva ni kijiti kilicholala upande chenye kichwa kimoja kidogo. Cha semikweva kina vichwa viwili. Cha semibrevi na cha minimu vinachanganya kila mtu kwa sababu vyote ni vipande vinene vyeusi: cha semibrevi kinaning'inia chini ya mstari wa nne kutoka chini, cha minimu kimeketi juu ya mstari wa katikati. Mzito zaidi ndiye asiyeweza kukaa juu, akaning'inia. Kipande kinachoning'inia hutumika pia kuonyesha baa nzima ya kimya, hata ikiwa ni ya 3/4.

Kimya hakiachwi kipite chenyewe. Kwenye kila pigo la kimya, achanisha mikono na ugeuze viganja juu, kwa wakati wake barabara, na mdomo useme "ss" kwa sauti ya chini.

| ta ta ta ss | ta ss ta ss | ta-a ss ta | ta ss ss ss |

Baa ya mwisho ndiyo mtihani. Wengi wakishapiga ile ta moja hufurahi na kurudi mwanzo papo hapo, kana kwamba vimya vitatu ni mwisho wa habari. Rudia zoezi zima mara tatu mfululizo, na baada ya kila baa ya mwisho hesabu vimya vyote vitatu kabla ya kurudi.

Nina sababu ya kusisitiza. Niliwahi kuimba katika kwaya iliyokuwa na baa mbili za kimya kabla ya kilele cha wimbo. Kwenye mazoezi nilikuwa namtazama jirani yangu na kuingia naye. Siku ya kuimba jirani alikuwa mgonjwa. Nikaingia pigo moja kabla ya wote, kwa sauti kubwa, peke yangu, katika ukumbi uliotulia tuli. Tangu siku hiyo kimya nakihesabu kwa vidole nikiwa nimevificha nyuma ya karatasi.

Hatua ya 6: Nukta, mahali wanapoangukia wengi

Nukta iliyoandikwa kando ya nota inaiongezea nusu ya urefu wake. Minimu yenye nukta: 2 na 1, mapigo 3. Hiyo ni nyepesi, umeshaipiga katika 3/4 hapo juu bila kujua. Krocheti yenye nukta: 1 na nusu, pigo moja na nusu. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu nota inayofuata, kwa kawaida kweva, inaangukia mahali ambapo mguu haupo.

Usikisie. Tumia hesabu:

MO-ja mbi-LI TA-tu N-ne

Kofi kwenye "mo". Nota inaendelea kupitia "ja" na "mbi". Mguu unagonga kwenye "mbi" lakini mikono haipigi. Kofi la pili ni kwenye "li". Kisha krocheti mbili za kawaida. Ukishaweza, badili kuwa "ta-i ti ta ta".

Makosa hapa ni ya aina mbili. Wa kwanza hupiga kofi la pili mapema, juu ya "mbi" pamoja na mguu, akapata krocheti mbili sawa. Wa pili huchelewa, na kweva inakuwa kama semikweva iliyogandana na "ta" inayofuata. Kutibu yote mawili, piga kwanza kila kitu:

MO-JA MBI-LI TA-tu N-ne

Kisha rudia, safari hii makofi ya "ja" na "mbi" uyapige laini kwa vidole viwili. Rudia tena, hayo mawili uyapige hewani tu. Yameondoka kwenye sikio, ila nafasi zake zimebaki mwilini.

Aliyezoea sol-fa ya kwaya, ile inayoandikwa kwa herufi d, r, m, ameshaliona jambo hili kwa sura nyingine. Kule nukta pacha hutenganisha mapigo, kistari kinaendeleza sauti iliyotangulia, na nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu. Kwa hiyo d :-.r ni mdundo huuhuu: do inayovuka hadi katikati ya pigo la pili, kisha re kwenye nusu iliyobaki.

Tao linalounganisha nota mbili za sauti moja hufanya kazi inayofanana: piga kofi kwa ya kwanza tu, ya pili ni mwendelezo. Hutumiwa hasa nota inapohitaji kuvuka mstari wa baa, mahali ambapo nukta haiwezi kufika.

Hatua ya 7: Kukwepa pigo

Chukua ule mdundo wa nukta na uuongezee kofi moja tu, kwenye "ja":

MO-JA mbi-LI TA-tu N-ne

Hii ni kweva, krocheti, kweva, kisha krocheti mbili. Kwa silabi, "ti ta ti ta ta". Pigo la pili limepita bila kofi, na makofi mawili yameliweka kati. Mwili unataka kucheza, na hiyo ndiyo raha ya midundo ya namna hii: inaegemea pigo ambalo halisikiki. Lakini pigo hilo lisipokuwepo mguuni, hakuna kilichokwepwa, ni makofi matatu yaliyotawanyika. Kwa hiyo kwenye "mbi" gonga mguu kwa nguvu zaidi kuliko kawaida mpaka uzoee.

Hatua ya 8: Semikweva

Sasa pigo moja lina vipande vinne, na "mo-ja" haitoshi. Neno langu ni "polepole". Lina silabi nne zilizo sawa, uzito uko kwenye ya kwanza na ya tatu, ndivyo hasa semikweva zinavyotakiwa kusikika. Kwamba neno lenye maana hiyo ndilo linalobeba nota za haraka, hilo ni la kukukumbusha uanze na mwendo wa 50.

"Polepole" nzima ni pigo moja. Jifunze maumbo haya, kila moja mara nane kabla ya kwenda linalofuata:

PO-LE-PO-LE (semikweva nne)
PO-le-PO-LE (kweva moja, semikweva mbili)
PO-LE-PO-le (semikweva mbili, kweva moja)
PO-le-po-LE (kweva yenye nukta, semikweva moja)

Sema neno zima kila mara hata pale usipopiga kofi. La mwisho ni ndugu mdogo wa "ta-i ti": mdundo uleule uliobanwa ndani ya pigo moja. Ukilisikia linalegea kama mtu anayechechemea, "le" yako ya mwisho inawahi. Isogeze ikaribie pigo linalofuata.

Hatua ya 9: Mapigo yanayogawanyika mara tatu

Hadi sasa kila pigo limekatwa nusu. Katika 6/8 pigo hukatwa mara tatu. Namba zinadanganya kidogo: juu kuna 6, lakini mguu haugongi mara sita, unagonga mara mbili. Kila pigo lina kweva tatu, na nota ya pigo zima ni krocheti yenye nukta. Hapa "mo-ja" haifai. Tumia "ta-ki-da":

TA-KI-DA TA-KI-DA (kweva sita)
TA-ki-DA TA-ki-DA (krocheti na kweva, mara mbili)
TA-ki-da TA-ki-da (krocheti mbili zenye nukta)

Baa ya 3/4 nayo inaingiza kweva sita, na hapo ndipo watu huuliza tofauti ni nini. Tazama fito: katika 6/8 zimefungwa tatu tatu, katika 3/4 mbili mbili. Kisha sikia kwa mwili wako. Hesabu vipande sita vilivyo sawa, bila kuharakisha wala kupunguza. Mara ya kwanza piga kofi kwenye cha 1 na cha 4. Mara ya pili piga kwenye cha 1, cha 3 na cha 5. Badilisha kila baada ya sita. Vipande havijabadilika hata kimoja, ila muziki umekuwa mwingine.

Ukitaka kujitesa kidogo, fanya yote mawili kwa pamoja kwenye mapaja: mkono wa kushoto 1 na 4, wa kulia 1, 3 na 5. Kinachotoka ni: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Usijaribu kufikiria mikono miwili. Jifunze huo mfuatano mmoja wa vipigo vinne, wa kwanza na wa mwisho vikiwa virefu mara mbili ya vile viwili vya kati.

Kweva tatu zenye namba 3 ndogo juu yake, ndani ya 4/4, ni "ta-ki-da" iliyoazimwa kwa pigo moja. Zoezi lake: mguu usibadilike, mdomo upite "ta, ti-ti, ta-ki-da, ti-ti" ukirudia. Ugumu uko kwenye kutoka tatu kurudi mbili.

Hatua ya 10: Kusoma mstari usiowahi kuuona

Usianze kupiga mara moja. Tazama alama ya kipimo. Pitisha macho mstari mzima ukitafuta baa moja ngumu kuliko zote, na mwendo uchague kwa ajili ya baa hiyo, si kwa ajili ya ile ya kwanza ambayo kwa kawaida ni rahisi na inakuvuta mbio. Ipige hiyo ngumu peke yake kwa hesabu. Kisha hesabu baa moja tupu kwa sauti, na uanze.

Ukikosea, usirudi. Hili ni gumu kuliko zoezi lolote hapo juu, kwa sababu mikono inaona aibu na kutaka kusahihisha. Mguu ukiendelea, unaweza kuruka hadi pigo la kwanza la baa inayofuata na kujiunga tena. Fanya zoezi la kujipoteza makusudi: katikati ya mstari acha kupiga kwa baa moja, macho yaendelee kutembea, kisha rudi.

Macho nayo yanahitaji kufundishwa. Chukua kipande cha karatasi, na unapoanza kupiga pigo, kifunike pigo hilo. Utalazimika kulisoma la mbele yake mapema. Mwanzoni utatangulia kwa pigo moja. Baada ya wiki chache, kwa nusu baa.

Jirekodi kwa simu angalau mara mbili kwa wiki. Ukipiga hutasikia makosa yako. Ukisikiliza utayasikia yote, na karibu yote yatakuwa mawili: kweva zinakimbia, nota ndefu zinakatwa. Kwa kweva, rudia kwa kusema mo-ja mbi-li badala ya ti-ti. Kwa nota ndefu, uimbe urefu wake kwa sauti moja ya juu mpaka mwisho, maana ukiunong'oneza utaudhulumu. Baadaye iweke metronomu ilie nusu ya mapigo yako, mfano 40 wewe ukipiga kwa 80, na mlio wake uufanye pigo la pili na la nne. Hapo ndipo utajua nani anayeshika pigo kati yako na mashine.

Dakika kumi kila siku zinatosha: mbili za mguu, tano za zoezi moja jipya, tatu za kusoma mstari usioujua. Saa nzima siku ya Jumamosi haifanyi kazi hiyo.

Ukishafika hapa geuza mchezo. Gonga mezani baa mbili za 4/4 ulizozitunga papo hapo, zirudie mpaka uzikumbuke, kisha ziandike. Weka kwanza vistari vinne vidogo kwa kila baa, kimoja kwa kila pigo, na chini ya kila kistari andika idadi ya makofi uliyoyasikia. Ndipo uweke nota. Mwisho jumlisha kila baa. Ikitoka tatu na nusu, usiongeze nota yoyote bado. Piga tena na usikilize, kwa sababu mara nyingi kilichosahaulika ni kimya.